Nani Apewe Zawadi ya Usalama Kazini?

[Ishara ya kipindi. Muziki ushuke polepole. Sauti moja.]

Salamu ziwafikie mlioko Musasa, Gasorwe, Bwagiriza, Kavumu na Nyankanda, pamoja na ndugu zetu wanaotafuta kibarua hapa mjini Bujumbura.

Tarehe 28 Aprili ni Siku ya Usalama na Afya Kazini duniani. Kwa jirani zetu Tanzania, wakala wa serikali uitwao OSHA huitumia siku hiyo kutoa tuzo kwa viwanda, migodi na makampuni ya ujenzi yaliyowalinda vizuri watu wao. Mwaka 2024 sherehe hizo zilifanyika Arusha. Hapa Bujumbura sisi tumezoea zaidi Mei mosi: mashirika yanapita na mabango, halafu mfanyakazi bora anaitwa mbele, watu wanapiga makofi. Ni jambo jema. Ila leo nawauliza: bora kwa lipi? Kwa sababu hakukosa hata siku moja? Kwa sababu hakulalamika?

Mahali pengi zawadi ya usalama hutolewa kwa kuhesabu siku zilizopita bila ajali. Sikilizeni yaliyotokea tarehe 20 Aprili 2010, kwenye mtambo wa kuchimba mafuta uitwao Deepwater Horizon, baharini upande wa Marekani. Siku hiyo wakubwa walifika kwa helikopta. Sababu mojawapo ilikuwa kuwapongeza wafanyakazi kwa kumaliza miaka 7 bila mtu kuumia hadi kulazimika kukosa kazi. Usiku uleule gesi ikapanda kutoka kisimani, mtambo ukalipuka, watu 11 wakafa. Mapema siku hiyo walikuwa wamepima kisima, na kipimo kilionyesha kwamba hakijafungwa sawasawa. Kikasomwa vibaya, kazi ikaendelea. Sifa walizopewa zilihusu vidole vilivyokatika na watu walioteleza, na wala hazikugusa gesi iliyokuwa chini ya miguu yao.

Turudi hapa kwetu. Kijana amepata kibarua cha ujenzi. Anabeba zege juu ya jukwaa la miti iliyofungwa kwa kamba, mguuni amevaa kandambili. Msumari unamchoma. Akimwambia kapita, kesho nafasi yake itapewa mwingine kati ya wale wanaosimama langoni tangu alfajiri. Basi anafunga kitambaa, ananyamaza. Jioni bosi anasema kwa furaha: kwangu hakuna aliyeumia! Kwenye daftari ni sifuri, na sifuri hiyo imenunuliwa kwa mguu wa mtu. Baada ya siku chache mguu umevimba, na yule kijana hana faranga wala ushahidi kwamba aliumia kazini. Hata kwa mfanyakazi aliyeandikishwa INSS, ajali isiyotangazwa ni vigumu sana kuilipia.

Kwa hiyo mimi tuzo yangu ningempa kapita ambaye daftari lake limejaa: leo ubao umevunjika, hakuna aliyeanguka, tumeubadilisha, leo fulani amekataa kupanda kwa sababu kamba imeoza, tumeifunga upya, na siku yake amelipwa. Mahali watu wanaposema mapema, mifupa haivunjiki ovyo.

Hayo hayatoki kichwani mwangu tu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi anayejiondoa mahali penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya kweli, asiadhibiwe. Unasema pia vifaa vya kujikinga visikatwe kwenye mshahara wake. Juni 2022 usalama kazini uliwekwa kati ya haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu, na Burundi ni mwanachama tangu 1963. Najua, mkataba wa Geneva hausimami langoni saa moja asubuhi pamoja nawe. Ndiyo maana nawashauri mseme mkiwa wawili au watatu. Mtu mmoja hufukuzwa kirahisi. Kikundi kizima kikiomba kamba mpya, kapita hufikiri mara mbili.

Na akina mama wa vikundi vya sabuni, msidhani nimewasahau. Ile soda kali mnayotumia inaunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho. Soda ndiyo inayotiwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Msimimine maji juu ya soda, maana hurukia usoni. Glavu, miwani, watoto wakae mbali, na maji safi mengi yawe karibu. Likikurukia jichoni, nawa kwa maji mengi bila kusimama kwa dakika 20, kisha kimbilia zahanati. Yule mama anayesema “leo hatupiki, miwani hakuna”, mara nyingi huitwa mchelewesha kazi. Kwangu yuko kwenye orodha.

Orodha hiyo tunaitengeneza pamoja. Ukimjua mtu aliyesimamisha kazi kabla hatari haijampata mwenzake, simulia katika kikundi chako cha kusikiliza redio: alifanya kazi gani, aliona nini, kisha kilibadilishwa nini. Msituandikie jina la bosi. Kiongozi wa kikundi atatuletea, na wiki ijayo tutayasoma hapa hewani.

[Muziki upande.]