Enalapril ya Kangemi, Losartan ya Tom Mboya

Leo ni presha, na ndiyo, nitarudia yale yale, kwa sababu nanyi mnarudia yale yale.

Mzee anapimwa Kangemi, anaandikiwa enalapril. Inampa kikohozi kikavu. Badala ya kurudi kliniki, anashukia barabara ya Tom Mboya, katikati ya Nairobi, anaingia kemisti, anauziwa losartan. Dawa nzuri, haileti kikohozi kile sana. Lakini za Kangemi hazijaisha, na pesa ilitoka, kwa hivyo anameza zote mbili. Eti presha itashuka haraka!

Mzee wangu, enalapril huzuia mwili kutengeneza angiotensini, ile homoni inayobana mishipa. Losartan huizuia homoni hiyo kufanya kazi. Kazi ni ile ile moja. Mwaka 2008 utafiti wa ONTARGET, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 25,000, ulijaribu ndugu zao, ramipril na telmisartan. Waliomeza zote mbili hawakukingwa zaidi na maradhi ya moyo. Walichozidisha ni kizunguzungu, potasiamu nyingi na figo kuumia.

Sasa ongeza mgongo. Umesimama kwenye matatu kutoka Kawangware hadi Kencom, jioni mgongo unauma, unaomba diclofenac ya maumivu bila kutaja presha. Na asubuhi ulimeza ile ya kukojoza, hydrochlorothiazide. Haya basi: ya kukojoza imepunguza maji, enalapril imelegeza mshipa unaotoa damu kwenye kichujio cha figo, diclofenac imebana ule unaoingiza. Figo itachuja nini? Isitoshe, diclofenac yenyewe hupandisha presha, halafu mnalaumu dawa za daktari kwamba hazifanyi kazi! Ibuprofen ni hivyo hivyo. Ukiumwa, anza na panadol, kwa kipimo.

Mama mjamzito, enalapril na losartan si zako kabisa. Mwone daktari leo. Na wewe unayeazima vidonge kwa jirani, nimekuchoka.

Wala nisisikie mtu ameacha zote kwa hofu. Atenolol, dawa nyingine ya presha, ukiiacha ghafla, moyo unaweza kukugeuka.

Ukienda kliniki, beba pakiti zote, za maumivu na za mitishamba pia, uulize kama figo na potasiamu zimepimwa. Na tafadhali, usimwambie daktari unameza "kale keupe kadogo." Nyingi ni nyeupe na ndogo.