Aliyetumwa Hana Budi Kurudi

Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu, Mkwajuni



Wenzangu wamekwisha kuzungumza juu ya bei na maghala. Mimi nitazungumza juu ya maneno, kwani maneno yasipofahamika vema, fedha ya mkulima hupotea mbele ya macho yake.

Katika mikutano yetu twasikia kamati maalum, jopo, kikosi kazi na tume. Yote ni majina ya watu wachache waliokusanywa kwa shughuli moja, lakini hayalingani. "Kamati" tuliipata kwa Waingereza: ni watu waliokabidhiwa jambo na mkutano mkubwa. "Jopo" ni wataalamu au waamuzi wanaokaa pamoja kulipima jambo. "Kikosi kazi" ni tafsiri ya neno la Kiingereza, "task force", lililoenea kutoka Jeshi la Wanamaji la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Manowari za aina mbalimbali ziliwekwa chini ya amri moja kwa kazi moja, na kazi ilipokwisha zikatawanyika. "Tume" ni neno letu wenyewe, nalo limetoka katika kutuma. Aliyetumwa anaye aliyemtuma, na hana budi kurudi na jibu.

Ushirika wa nchi hii unao mfano mwema. Mwaka 1966 Rais Nyerere aliunda kamati maalum ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za masoko. Mwaka huo huo ilitoa taarifa yake, ikaonyesha wazi kwamba wanachama walipungukiwa na elimu ya ushirika, na vyama vilipungukiwa na watumishi wenye ujuzi. Ilisema iliyoyaona, ikamaliza kazi.

Hata hivyo, jina peke yake halitulindi. Tume ya Maendeleo ya Ushirika, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2013, ni chombo cha kudumu, ijapokuwa yaitwa tume. Basi yafaa tuulize hadidu za rejea, na maana ya "hadidu" ni mipaka. Tukiunda kamati ya kuchunguza mizani ya ghala, kumbukumbu za mkutano ziandike mambo manne: ni nani aliyeituma, itafanya kazi gani, italipwa posho ya siku ngapi, na siku gani italeta taarifa mbele ya wanachama. Kamati isiyo na siku ya mwisho hugeuka bodi ya pili isiyochaguliwa na mtu, na posho zake hutoka katika ufuta wetu.

Ndugu wanachama, miaka kumi hii imetufundisha kupima mazao. Na tupime vilevile madaraka. Mkulima asione haya kusimama mkutanoni na kuuliza: "Mliotumwa, mmerudi na nini?" Swali hilo ni haki ya mwenye mali.