Maneno Yaliyosemwa Barazani Masasi, Siku ya Jubilei



Mwaka 1876 Askofu Steere alitoka Unguja pamoja na watu waliofunguliwa utumwani, wakielekea nchi za Nyasa. Walipofika hapa Masasi wakapapenda, wakakaa. Hao ndio walioanza kazi hii ambayo leo twaifanyia sikukuu. Na utumwa wenyewe ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika yote mwaka 1922.

Walakini yako maneno ambayo sheria haikuyakomesha. Posa hukataliwa, nawe ukiuliza sababu, huambiwa kwa sauti ya chini, "Babu yake alinunuliwa." Mimi mwenyewe niliyasikia yakisemwa juu ya kijana mwema, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu kulikuwa ni kukubali; yule binti akaozwa kwingine.

Basi, neno la uani halitibiwi uani. Na liletwe barazani, mbele ya wazee wa pande zote mbili: aliyeumizwa aanze kusema, wala asikatizwe, kisha aliyemnena ajibu, hali wametazamana. Maana mengi tusemayo gizani hatuwezi kuyasema machoni pa mtu.

Katika Torati, jubilei ni mwaka wa kuwaacha huru waliouzwa. Tusiile sikukuu hii, hali tungali tumemfunga ndugu yetu kwa jina la babu yake. Mimi naanza: aliyekuwa kijana siku zile yupo hapa, ameketi kati yenu. Ndugu yangu, naomba radhi mbele ya watu wote.