Ganzi ya Mgongo Baada ya Upasuaji wa Kiuno

Leo tunamzungumzia mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa pingili za kiuno. Nusukaputi imeisha nguvu, maumivu yameanza. Misuli iliyosogezwa ili daktari aufikie mfupa inauma kiasi kwamba kujigeuza tu kitandani ni kazi.

Hapo muuguzi huleta mofini au pethidini. Ni dawa muhimu, na anayeumia asinyimwe. Ila zina gharama yake: kichefuchefu, mwasho, choo kigumu na, zikizidi, pumzi kupungua hadi kuhatarisha maisha. Wengine huishia kuwa waraibu.

Dozi hizo zinaweza kupunguzwa. Mwaka 2016, Mauricio Forero na wenzake walichapisha maelezo ya sindano ya ganzi inayowekwa chini ya misuli ya mgongo, wakati huo kwa maumivu ya kifua. Baadaye ikatumika kiunoni pia. Mgonjwa akiwa amelala kifudifudi, daktari wa usingizi huweka kifaa cha ultrasaundi kando ya uti wa mgongo. Kwenye skrini anaona misuli tabaka kwa tabaka, na chini yake mfupa. Sindano inapenya hadi kuugusa. Dawa, mara nyingi bupivakeini, ikiingia, huonekana kama utepe mweusi unaoinua msuli kutoka kwenye mfupa. Kisha upande wa pili.

Dawa hiyo hulenga mishipa midogo ya fahamu ya mgongo. Ile inayoendesha miguu hupita mbele zaidi, na kwa kawaida haipati ganzi. Hili mimi naliona kubwa kuliko yote, kwa sababu mgonjwa akizinduka, daktari wa upasuaji humwambia achezeshe vidole vya miguu. Miguu ingekuwa na ganzi, kama ya mama anayejifungua kwa upasuaji, jeraha la mshipa wa fahamu lingeweza kujificha.

Tafiti zinaonyesha kuwa waliochomwa sindano hii huhitaji mofini pungufu katika saa 24 za kwanza. Haiondoi maumivu yote, na ganzi huisha baada ya saa kadhaa, kwa hiyo parasetamoli huendelea kutolewa kwa ratiba.

Ukipangiwa upasuaji huu, muulize daktari wa usingizi kama sindano hii ipo. Mwambie uzito wako, mzio wowote, na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na ukizinduka ukasikia midomo inakufa ganzi au masikio yanavuma, mwite muuguzi papo hapo: huenda dawa ya ganzi imezidi kwenye damu.