Katanga Si Kisiwa

Mvua imekatika, baridi ya Juni imeshuka, na tarehe 30, sikukuu ya uhuru, inakaribia. Ni majira ya watu kuchangishana pesa ili watoke nje ya mji wa Lubumbashi: vijana wa kanisa, wafanyakazi wa ofisi moja, familia iliyopata mgeni kutoka Ubelgiji. Nawaunga mkono wote. Watu wa mji huu wanafanya kazi ngumu, na mtoto aliyekulia Katuba au Ruashi ana haki ya kuyaona maporomoko ya nchi yake kwa macho yake mwenyewe.

Ninaloliogopa ni ratiba. Siku hizi safari zetu tunaziiga kutoka kwenye simu, na picha zinazozunguka humo nyingi ni za visiwa. Asubuhi watu wanaruka na gari kwenye matope, mchana wanapanda tiroliene, ile kamba ya chuma ya kutelezea hewani, jioni wanaoga baharini, usiku wamelala hotelini. Kule Morisi jambo hilo linawezekana. Kisiwa kizima kina urefu wa kilomita 65 hivi na upana wa kama 45. Ukitaka kwenda Chamarel, penye maporomoko na udongo wa rangi saba, unatoka hoteli ya pwani baada ya chai na unarudi kabla ya chakula cha jioni. Sisi huku, kutoka Lubumbashi mpaka Likasi tu ni kilomita kama 120, tena tukifika Likasi bado hatujaiacha lami. Haut-Katanga ina zaidi ya kilomita za mraba 130,000, Morisi ina 2,000 na ushei. Anayeipangia Katanga siku moja ya kisiwa atakutwa na usiku porini, akiwa na watoto garini.

Chukua Lofoi, maana ndiyo inayotajwa kila mwaka. Maporomoko ya Lofoi, ambayo wengine wanayaita Kaloba, yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu, iliyoanzishwa mwaka 1970. Mto Lofoi unatiririka juu ya uwanda wa Kundelungu, unafika ukingoni, halafu unaanguka kama mita 340 kwenda chini, kisha unaendelea bondeni kuufuata mto Lufira. Victoria Falls, ambayo watu wetu wanapita mpaka wa Kasumbalesa na kuvuka karibu Zambia yote ili kuiona, ina mita 108. Sisemi hivyo kuwadharau jirani zetu, kwa sababu upana wa Zambezi na wingi wa maji yake Lofoi haiwezi kuufikia. Nasema ili kila mwanafunzi wa mji huu ajue kuwa moja ya maporomoko marefu kabisa ya Afrika liko mkoani kwake.

Sasa lini uende? Hapo ndipo wengi wanakosea. Wakati wa mvua, Novemba mpaka Machi au Aprili, Lofoi imejaa na inanguruma, lakini njia za udongo zimeshakuwa utelezi mtupu. Septemba na Oktoba njia ni kavu, ila mto umepungua sana, na mtu aliyetumia akiba ya miezi mitatu anasimama ukingoni akitafuta maji. Mei na Juni ndiyo miezi ya busara. Udongo umeanza kukauka na mto bado una nguvu. Lakini beba makoti na blanketi. Lubumbashi yenyewe tunatetemeka usiku wa Juni, na uwanda wa Kundelungu uko juu zaidi yetu, unafika mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mtoto aliyelowa ukungu wa maporomoko halafu akalala kwenye hema bila blanketi atarudi nyumbani mgonjwa.

Lofoi ni safari ya kulala huko, tena usiku mmoja haukutoshi ukitaka kushuka bondeni na kupanda tena kwa miguu. Na gari moja halitoshi kamwe. Nalisema kwa mkazo: magari mawili ya 4x4, kila moja na tairi mbili za akiba, jeki, kamba ya kuvutia, beleshi, na ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, kwa sababu kwenye udongo laini jeki inazama badala ya gari kupanda. Mazutu ya kwenda na ya kurudi yajazwe mjini. Usitegemee muuza mazutu ya chupa kando ya njia, maana siku utakayomhitaji ndiyo siku atakuwa ameuza yote.

Ukimtazama dereva mzuri akifika kwenye daraja la magogo utajifunza mengi. Anazima muziki. Anashuka. Anapita daraja lote kwa miguu, anakanyaga kila gogo, anainama kuangalia kama lililo pembeni limeoza chini, analisukuma kwa kisigino lile linalocheza mpaka likae. Anawaomba abiria wote washuke, mama mjamzito na mzee pia, wavuke kwa miguu. Halafu anarudi, anaingiza gia ndogo, anapita polepole huku mwenzake amesimama mbele akimwonyesha kwa mikono tairi zikae wapi. Mwisho anamshukuru kijana wa kijiji aliyekuja kumwambia kuwa lori lilipita jana, na anampa chochote. Hiyo ni nusu saa. Kwenye ratiba ya siku moja nusu saa hiyo haimo, kwa hiyo dereva anashinikizwa apite tu. Msimshinikize.

Kabla ya yote hayo, piteni kwa watu wa ICCN wenye kusimamia hifadhi, muombe ruhusa, mlipe kinacholipwa, mpewe mlinzi wa kuwaongoza. Waulizeni pia habari za usalama, maana upande wa Mitwaba, Manono na Pweto umeumia miaka mingi kwa makundi yenye silaha, na walinzi wa hifadhi ndio wanaojua leo njia gani imetulia. Pesa ya kiongozi si ya kuibishia bei.

Na tiroliene je? Nimesikia vijana wakiwaza kutandika kamba juu ya korongo la Lofoi. Ndoto hiyo naipenda, ila tuiweke mahali pake. Pale Victoria Falls watalii wanateleza kwa kamba juu ya korongo la Zambezi, lakini pale reli, hoteli na daraja lililomalizika mwaka 1905 vilitangulia, na kamba zikaja mwisho kabisa. Hata hivyo, tarehe 31 Desemba 2011, kamba ya mpira ya kurukia kutoka daraja hilo ilikatika na mtalii mmoja akaanguka mtoni miguu ikiwa imefungwa. Aliokoka. Kundelungu ni nani atakayekuwa karibu kumwokoa mtu kama huyo? Kamba ya chuma inataka mtu wa kukagua kila asubuhi kapi, mikanda ya kiunoni na mapajani, na breki ya mwisho wa kamba. Inataka zahanati yenye gari. Leo uwanda ule unahitaji kwanza njia na mshahara wa walinzi.

Kwa mwenye siku moja tu, nina pendekezo: Ijumaa jioni lala Likasi. Jumamosi alfajiri shika njia ya Mwadingusha, penye bwawa la Lufira na kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1930. Bwawa hilo ndilo lililozaa ziwa Tshangalele, na bonde la Lufira limo kwenye orodha ya UNESCO ya hifadhi za viumbe hai tangu 1982. Utaona ndege wa maji, mitumbwi ya wavuvi, vichuguu virefu kuliko gari lako, na samaki mbichi wa kula na bukari, ugali wetu. Vumbi na mashimo ya kumfurahisha mpenda 4x4 yapo ya kutosha.

Wakuu wa mkoa wanaoshughulikia utalii nawaomba jambo lisilohitaji bajeti kubwa. Kila mwanzo wa Mei tangazeni redioni njia ipi ya Kundelungu inapitika, daraja lipi limevunjika, na ada ya kuingia ni kiasi gani kwa Mkongo na kwa mwanafunzi. Mkitutumia karatasi hiyo, tutaisoma hapa redioni kila asubuhi, bila kudai malipo.