Mtoto wa Mwanajeshi Ni Mkazi wa Wapi? Karo, Basari na Familia za Wastaafu wa Kahawa Wendani



Chuo Kikuu cha Kenyatta, hapo kando ya barabara kuu ya Thika, kilianza kikiwa kambi. Mwaka 1965 Waingereza waliikabidhi serikali yetu kambi ya Templer, ikageuzwa Chuo cha Kenyatta, na mwaka 1985 kikawa chuo kikuu kamili. Walipolala askari ndipo wanaposomea watoto wa watu. Ninalouliza leo ni jinsi mtoto wa askari aliyestaafu, akapanga hapa Wendani, atakavyoingia pale na kumaliza.

Nianzie mbali kidogo. Marekani, vyuo vya umma hutoza karo mbili: mkazi wa jimbo hulipa kidogo, anayetoka jimbo jingine hulipa zaidi, mara nyingine maradufu. Mwanajeshi huhamishwa kila mara, basi wanawe wakawa wageni kila waendako. Mwaka 2014 Bunge lao likapitisha sheria kwamba maveterani, na watoto wanaosoma kwa mafao ya baba au mama, watozwe karo ya mkazi katika jimbo wanaloishi hata kama wamehamia juzi. Texas imekwenda mbele zaidi: kwa Sheria ya Hazlewood, veterani anaweza kumwachia mwanawe msamaha wake wa karo. Wengi wetu tukisikia hayo tunaona ni zawadi. Mimi naona ni fidia. Aliyemhamisha baba ndiye anayepaswa kubeba gharama ya kuhamahama.

Kwetu hakuna karo ya jimbo. Ukazi, hata hivyo, tunao, tena mkali, na umejificha kwenye fomu ya basari. Basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, ni ya eneobunge. Ya kaunti hupitia wadi. Unatakiwa muhuri wa chifu, na mara nyingi kitambulisho au kadi ya kura ya mzazi. Sasa mfikirieni mtoto wa askari aliyezaliwa Isiolo, akaanza shule Gilgil, akafanyia mtihani wa KCSE Nanyuki, na kitambulisho cha babake kinasema Butere. Baba anavua gwanda katika Kambi ya Kahawa, iliyo Nairobi, anapanga Wendani, iliyo eneobunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Ni mwendo wa miguu, lakini amevuka mpaka wa kaunti. Huku anaweza kuambiwa aombe kwao. Akifika kwao, nani anamjua? (Nyumba ya kupanga, nayo, haina hatimiliki ya kuonyesha.)

Mfumo wa ufadhili wa vyuo vikuu ulioanza 2023 haujaliona jambo hili la kuhamahama, wala la kustaafu mapema. Unapima uwezo wa familia na kuipanga katika makundi matano: la kwanza huchangia asilimia 5 ya karo, la mwisho 40. Mtumishi wa kawaida wa serikali hustaafu akiwa na miaka 60. Askari wengi hutoka mapema zaidi, kitinda mimba akiwa bado kidato cha pili. Kiinua mgongo kinazama kwenye ploti, na ploti ndiyo itakayohesabiwa kuwa utajiri.

Tunayo Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya 2022, inayowatambua waliolitumikia jeshi. Ni hatua, wala siibezi. Ila kutambuliwa si risiti ya karo.

Kwa hiyo sitaki tuombe karo ya bure. Ombi hilo litakataliwa, na pengine kwa haki, kwa sababu mama mboga naye ana mtoto. Tuombe kitu kidogo kinachowezekana: cheti cha utumishi jeshini kikubaliwe kuwa uthibitisho wa ukazi popote familia ilipo, na miaka ya kuhamishwa iandikwe kwenye fomu ya ufadhili. Mswada wa barua kwa kamati ya basari na kwa mbunge nimemwachia katibu. Wenye vyeti, tafadhali andikisheni majina kabla ya chai.