Kazi ya Ngozi: Maneno kwa Waalimu na Wazazi wa Kiriba

Nimeombwa kusema juu ya kazi za mikono, nami nimechagua moja tu, kazi ya ngozi, na katika hiyo nitasema hasa juu ya mkanda, ambao watu wa zamani waliuita mshipi. Labda mtu ataniuliza, Mkanda ni kitu gani hata tuukusanyikie? Na anivumilie kidogo.

Jina la mahali petu lenyewe lanivuta. Katika Kiswahili, kiriba ni mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji safarini. Sisemi kwamba mahali hapa paliitwa hivyo kwa ajili ya mfuko huo, kwa maana majina ya Mara yana asili yake katika lugha zetu za nyumbani. Lakini wazee wetu waliijua ngozi kweli. Walilalia ngozi, walivaa ngozi, waliiwamba juu ya ngoma, na Wakurya juu ya litungu.

Sasa itazameni hali yetu. Hesabu ya kilimo na mifugo ya mwaka 2019/20 ilionyesha kwamba Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 33. Hata hivyo, ng'ombe achinjwapo kijijini, nyama yagombaniwa, na ngozi yaachwa nyuma ya nyumba mpaka inuke na mbwa waikokote. Kisha kijana wa nyumba iyo hiyo aenda mnadani kununua mkanda wa vipande vya karatasi vilivyogandishwa na kupakwa rangi nyeusi, ambao masika moja tu huupasua. Twatupa ngozi, twanunua karatasi.

Basi, anayetaka kujifunza kazi hii asianze na kisu cha fundi, aanze na ng'ombe aliye hai. Kila alama aliyoipata mnyama hukaa katika ngozi yake: mjeledi, mwiba, kupe, na kubwa kuliko zote, chapa ya moto. Sehemu iliyo bora kwa mkanda ni ya mgongoni na matakoni, kwa maana hapo ngozi ni nene na imeshikamana. Ya tumboni ni legevu, huvutika kama mpira. Nasi twapenda kupiga chapa wapi? Matakoni. Tangu sheria ya utambuzi wa mifugo ya mwaka 2010 watu wamejifunza njia nyingine, na hereni ya sikioni haiharibu kitu. Mwenye kushikilia moto, basi, na aupige chini mguuni.

Mchunaji naye akimaliza kwa ngumi badala ya kisu, ngozi haitobolewi. Yapasa itiwe chumvi siku ile ile, kabla haijaanza kuoza, kadiri ya kilo moja ya chumvi kwa kilo tatu za ngozi mbichi. Au iwambwe kivulini, mahali penye upepo, wala si kutandazwa chini juani. Jua kali hupika upande wa nje, na ndani huoza pasipo kuonekana. Baadaye, ikilowekwa, ngozi ya namna hiyo hukatika mikononi kama ugali.

Kazi ya kuitengeneza ni ya subira. Hulowekwa katika maji ya chokaa siku kadhaa mpaka manyoya yatoke, huparuliwa nyama upande wa ndani, huoshwa sana, kisha hutiwa katika maji ya maganda ya miti yenye ukakasi. Mgunga wafaa. Kule Njombe miwati ilipandwa kwa ajili ya maganda yake, na kampuni ya kazi hiyo ilianzishwa mwaka 1949. Maji ya kwanza yawe hafifu, na kila mara yaongezwe nguvu. Maji makali yakitangulia hukaza nje, na ndani hubaki mbichi. Baada ya majuma mengi kata ukingo mdogo utazame. Ukiona mstari mweupe katikati, irudishe pipani. Viwandani hutumia dawa ya kromu, na kazi huisha upesi; lakini ngozi ya maganda ndiyo iliyo ngumu kama mkanda utakavyo. Tena nawasihi, maji ya chokaa yasimwagwe ziwani. Samaki ni chakula chetu.

Kwa nini mwanafunzi aanze na mkanda, wala si kiatu? Kwa sababu mkanda ni kipande kimoja kilichonyoka, nao haufichi kosa. Mkono ukitetemeka, kila mtu ataona. Kata kwa rula ya chuma, upana wa sentimita tatu na nusu. Punguza unene wa mwisho mmoja, utoboe tundu refu la ulimi wa bizimu, ukunje, ushone. Mashimo ya mbele yawe matano, na la katikati ndilo la kiuno cha mwenyewe, apate nafasi akinenepa na nafasi akikonda. Kingo zilowanishwe kidogo, zisuguliwe kwa mfupa laini mpaka zing'ae. Uzi upakwe nta, nawe ushone kwa sindano mbili zinazopishana katika tundu lile lile: uzi mmoja ukikatika, wa pili bado washika. Cherehani haishoni hivyo.

Najua lililo mioyoni mwa wazazi: ni kazi ya harufu, ya mtu aliyekosa shule. Lakini Petro alikaa siku nyingi Yafa katika nyumba ya Simoni, mtengenezaji wa ngozi, wala harufu haikumfukuza. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alitaka shule iwe na shamba au karakana. Shule nyingi zikashika jembe, zikasahau karakana. Na siku hizi elimu ya ngozi yafundishwa Mwanza, katika kampasi ya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam. Kijana aliyekwisha kuharibu na kutengeneza ngozi tatu nyumbani atakwenda huko akijua la kuuliza.

Mezani nimeweka mikanda miwili. Mmoja umekatwa mgongoni, mwingine tumboni mwa ng'ombe yule yule. Pokezaneni, mwivute kwa mikono miwili, kisha mwilaze juu ya meza pamoja mwone ni upi uliopinda. Waalimu watakaotaka kuona sindano mbili zikishona, na wabaki baada ya chakula. Uzi na nta vipo.